Kadi nyeusi, pointi za ndege na hela ya Mama

 

Leo nina la kusema kuhusu hizi kadi za mkopo za wasafiri, maana mabinamu watatu wameshaniuliza kwa nini sina, kama vile nimekaa Australia bure. Kwa msiozijua: ni kadi za benki za rangi ya dhahabu au nyeusi, unalipia ada ya mwaka ambayo kwa zile kubwa ni mamia ya dola, ukinunua mchele unapata pointi, pointi zikijaa unakata nazo tiketi. Na kwa kuwa kutoka Sydney hakuna ndege ya moja kwa moja kuja Dar, tunazunguka Dubai au Doha na nauli inauma, naelewa tamaa inatoka wapi. Simcheki mtu.

Ninachopinga ni ushauri unaotembea kwenye sherehe zetu huku Blacktown: "Wewe omba tu, wakikukataa omba benki nyingine." Jamani, hii siyo bahati nasibu! Kila ukiomba, benki inauliza habari zako kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, kama Equifax na Experian, na kule kuuliza kunabaki kwenye faili lako miaka 5. Haiandikwi kwamba umekataliwa, inaandikwa kwamba uliomba. Sasa benki ya nne ikiona umegonga milango mitatu ndani ya mwezi mmoja na hakuna akaunti iliyofunguliwa, inahitaji kuambiwa nini tena?

Halafu kuna tovuti za kukuwashia taa ya kijani, eti "nafasi yako ya kukubaliwa ni kubwa". Nyingi zinalipwa na benki mtu akipitia kwao, ulitegemea zikuwashie nyekundu? Zinakuonyesha alama zako. Equifax inahesabu hadi 1,200, Experian inaishia 1,000, kwa hiyo 800 ya huku na 800 ya kule hazilingani, na benki nayo ina kipimo chake cha ndani ambacho hakuonyeshi. Afadhali uombe ripoti yako mwenyewe, ni bure kila baada ya miezi 3. Aliyetoka Bongo juzi ataikuta tupu, hata kama alilipa mikopo yake ya nyumbani kwa uaminifu miaka 10. Na mwenye viza ya muda, kuna benki ambazo hazifiki hata kwenye alama.

Lakini hayo madogo. Tangu mwaka 2019 benki za hapa zinatakiwa kupima kama unaweza kulipa kikomo chote cha kadi ndani ya miaka 3, hata kama hutaigusa. Chukua kikomo cha dola 15,000 na riba ya asilimia 20 kwa mwaka: ni kama dola 557 kila mwezi, miezi 36. Fomu inauliza mshahara, kodi ya nyumba, chakula, usafiri, watoto. Mama hana kisanduku chake. Wala ada ya mdogo wako, dawa za presha za Baba, mchango wa msiba wa Korogwe.

Ndipo wajanja wanapokunong'oneza: "Hela ya nyumbani usiitaje, itakuharibia." Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote! Mtu anayetuma dola 400 kila mwezi kwa miaka 12, hayo ni matumizi ya kudumu kuliko umeme. Ukihama nyumba umeme unaukata, Mama utamkata? Kuyaficha ni kudanganya kwenye fomu ya mkopo. Na mwezi mambo yakibana, benki haikosi chake, ina mkataba na ina mawakili. Anayekosa ni yule asiye na mkataba na wewe, anayesubiri meseji ya M-Pesa, isipoingia anasema tu "haya mwanangu, Mungu atajalia".

Kwa hiyo nafasi yangu naipima hivi: kwanza natoa ya nyumbani, kisha kodi na chakula, halafu naangalia kama zimebaki 557 katika mwezi mbaya. Siyo mwezi mzuri wa saa za ziada, la! Muuguzi mwenye ajira ya kudumu, anayelipa deni lote kila mwezi kabla riba haijaanza, achukue kadi yake na pointi zake, simzuii. Nawasemea wabeba boksi wenzangu wa kazi za kuitwa, wiki hii saa 40, wiki ijayo 12.

Tiketi yangu ya Desemba nanunua kwa hela taslimu, kiti cha nyuma kabisa karibu na choo. Wanaotaka viatu leteni orodha kabla ya Novemba, na safari hii namba za miguu ziwe za kweli.