Tuache Kumuuliza Marehemu Alifuata Nini Mjini

Mtu akipigwa risasi kwenye maandamano nchini Kenya, hata mwili haujafika mochari utasikia watu wazima wenye akili zao wakiuliza: "Kwani alikuwa anatafuta nini huko?" Huulizwa kwenye matatu, huulizwa kanisani, huulizwa hata matangani. Wanaouliza huamini kwamba risasi ya polisi humpata aliyeifuata, na kwamba anayetulia kwake yuko salama. Ni uongo, na uongo huo unawafaa sana waliofyatua.

Samantha Pendo alikuwa na umri wa miezi 6. Agosti 2017, katika vurugu za baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumbani kwao Nyalenda, Kisumu, naye akapigwa kichwani akiwa na mamake. Yeye alifuata nini? Mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo chake iliamua kwamba polisi walihusika. Albert Ojwang, mwalimu, naye alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay Juni 2025 kwa madai ya kumchafulia jina mkubwa wa polisi mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Tukaambiwa amejigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakataa.

Juni 17 watu walipoingia barabarani kudai haki yake, kijana mmoja alikuwa mjini akichuuza barakoa. Itazame ile video ya yaliyompata, kama una moyo. Pakiti za barakoa ziko mkononi. Maafisa 2 wanamzaba makofi na kumsukuma, naye anajiondokea, kisha mmoja anamfyatulia risasi ya kichwa kwa karibu. Siku hiyo hiyo wahuni wenye rungu walikuja kwa pikipiki wakawacharaza waandamanaji mbele ya polisi. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji ya mchuuzi huyo, na mimi naamini bila kamera tungekuwa bado tunamuuliza marehemu alifuata nini.

Najua maduka huvunjwa. Mama aliyeporwa bidhaa za mkopo ana kila sababu ya kulia, na aliyempora akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Lakini Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Risasi si hukumu ya mahakama yoyote ya Kenya. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya polisi inaruhusu bunduki pale tu njia nyingine zisipotosha, na inamtaka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake. Mwaka 2024 tuliwaona polisi wamefunika nyuso, wakikamata vijana kwa magari yasiyo na alama.

Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo. Bunduki ya polisi hutiwa sahihi inapotoka ghalani na inaporudi. Mwenye swali alipeleke huko: siku ya maandamano ya Juni 25, 2024, nani alichukua bunduki ipi, alipewa risasi ngapi, na ngapi hazikurudi?