Msimbo mgeni usikaribishwe bila kuhakikiwa

Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usemi huo mfupi umebeba mambo mawili ambayo aghalabu sisi huyatenganisha: ukarimu wa kumpokea mgeni, na haki ya mwenyeji ya kumtaka mgeni huyo ashiriki kazi za pale nyumbani. Leo nataka kuupeleka usemi huo mahali ambapo wahenga hawakupawazia, nako ni kwenye uundaji wa programu za tarakilishi.

Nianzie karibu. Anayenunua mitumba katika soko la Toi, kando ya Kibera, haridhiki na sura ya vazi. Huligeuza ndani nje, akaivuta mishono, akaijaribu zipu, ndipo akatoa pesa. Kisha hulipeleka kwa fundi wa cherehani, pengine kule Kawangware, alipunguze likae sawa kwenye mwili mpya. Fundi stadi hulikata vazi la mteja yule tu. Hathubutu kuikata karatasi ya vipimo anayoitumia kushonea sare za shule nzima. Akiikata, mteja mmoja atafurahi, na watoto mia moja watavaa sare zisizowaenea.

Ndivyo ilivyo katika programu huria. Hizi ni programu ambazo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Programu iliyoundiwa tarakilishi ya ofisini yaweza kurekebishwa ili ifanye kazi katika simu ya bei nafuu. Aliyeirekebisha huleta kazi yake ili iunganishwe na msimbo wa pamoja, ule unaotumiwa na watu wote. Hapo ndipo swali zito linapozuka: ni nani aliyeusoma msimbo huo mgeni kabla haujaingizwa ndani?

Jambo hili si la Ulaya na Marekani pekee. Mnamo Januari 2008, taifa letu lilipokuwa likitokwa na damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanablogu na wataalamu wa tarakilishi, Wakenya na marafiki wa Kenya, waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Msimbo wake ulifunguliwa kwa wote. Mwaka wa 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nako Kibera, mtaa ambao hadi mwaka wa 2009 ulikuwa doa tupu katika ramani nyingi, vijana wa mradi wa Map Kibera walikuwa wamekwisha kupita vichochoroni wakiandika vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji katika ramani huria ya OpenStreetMap. Ramani hiyo na programu ya Ushahidi zikazaa Voice of Kibera, jukwaa la habari za wakazi wenyewe.

Angalia jinsi Ushahidi ilivyoundwa. Taarifa ya mwananchi haikuwa ikitokea tu kwenye ramani. Palikuwa na hatua ya kuidhinisha na nyingine ya kuthibitisha. Waundaji walitambua kwamba mlango ulio wazi kwa wote unahitaji bawabu. Kinaya ni kwamba sisi tunaokubali kanuni hiyo kwa habari husita kuidai kwa msimbo unaozibeba habari hizo.

Msimamo wangu ni huu: msimbo unaohamishwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine unahitaji uhakiki mkali zaidi kuliko msimbo mpya, na wahakiki wanaofaa zaidi ni wale wanaoishi na mtambo huo mpya. Mwanafunzi wa Kawangware mwenye simu kuukuu iliyopasuka kioo, inayojaa upesi na kupoteza mtandao kila mara, anaijua hali ambayo mtaalamu wa ng'ambo anaikisia tu. Kwa hivyo shule zetu hazina budi kumfunza kusoma msimbo wa wengine, si kuandika wake peke yake.

Kwa nini nasema uhakiki uwe mkali zaidi? Kwa sababu msimbo uliohamishwa huja na sifa njema. Umekwisha kufanya kazi kwingine, na sifa hiyo hutulaza usingizi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, ikaangamia sekunde 40 hivi baadaye. Sehemu ya programu yake ilikuwa imetolewa katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila dosari. Ila roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi kuelekea kando, na tarakimu ya kasi hiyo haikuenea katika nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Msimbo wenyewe haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni mtambo uliouzunguka, na hakuna aliyerudi kuuliza kama yale yaliyokuwa kweli jana yalibaki kuwa kweli.

Wapo watakaosema kwamba msimbo huria hauhitaji wasiwasi huu, kwa kuwa macho ni mengi. Naam, macho ni mengi, lakini macho yanayoweza kuona si lazima yawe yametazama. Mnamo Aprili 2014 dunia ilishtuka iliposikia habari za Heartbleed, kasoro katika programu huria ya OpenSSL inayolinda siri za mawasiliano mtandaoni. Msimbo wenye kasoro hiyo uliingizwa siku ya mwisho ya mwaka wa 2011. Aliyeuhakiki hakugundua kwamba ulisahau kupima urefu wa maneno yaliyoombwa. Toleo lililoubeba lilitoka mwaka wa 2012, na kwa muda wa miaka miwili tarakilishi nyingi duniani ziliweza kunyonywa siri zake. Msimbo ulikuwa wazi siku zote hizo kwa yeyote aliyetaka kuusoma.

Basi mhakiki atazame nini? Kwanza, ahakikishe kwamba mabadiliko ya mtambo mpya yametengwa mahali pake, wala hayakuikata ile karatasi ya vipimo ya wote. Pili, adai yaletwe kwa vipande vidogo vinavyosomeka. Anayeleta mistari elfu kumi kwa mkupuo mmoja, akachanganya marekebisho ya kweli na mapambo ya mpangilio, anaomba kuaminiwa badala ya kusomwa. Tatu, aulize yale yaliyodhaniwa bila kusemwa. Mathalan, Windows kwa kawaida huyahesabu majina ya faili "Ramani" na "ramani" kuwa moja, ilhali Linux huyahesabu kuwa mawili. Mitambo ya zamani inayohesabu sekunde kuanzia mwaka wa 1970 kwa biti 32 itaishiwa na nafasi tarehe 19 Januari 2038. Nne, ajaribu msimbo huo katika kifaa chenyewe, si katika mfano wake tu.

La tano ndilo la jembe. Aliyeleta msimbo mgeni atabaki kuutunza? Mtambo usio na mlezi huwa mzigo kwa wote. Linux yenyewe ilizaliwa mwaka wa 1991 katika tarakilishi yenye kichakataji cha 386, lakini mwishoni mwa 2012 uwezo wa kufanya kazi katika kichakataji hicho uliondolewa, kwa kuwa kuutunza kuliwasumbua waundaji kuliko faida yake. Ikiwa mzaliwa wa nyumbani aliweza kuambiwa kwaheri, seuze mgeni asiye na wa kumsemea! Wenye simu na tarakilishi kuukuu katika mitaa yetu walizingatie hilo. Usipokuwapo mezani mambo yanapojadiliwa, usishangae kifaa chako kikisahauliwa.

Nakiri kwamba uhakiki una uchungu wake. Kijana aliyekesha wiki nzima akiandika msimbo, kisha akarudishiwa maswali ishirini, huweza kuvunjika moyo asirudi tena. Wapo pia wahakiki wanaojificha nyuma ya kanuni ili kuwafungia mlango wageni. Hilo ni kosa la adabu, wala si sababu ya kuutupa uhakiki. Mwalimu mwema haachi kusahihisha insha kwa kuogopa machozi ya mwanafunzi. Husahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni sababu, akaonyesha na lililo zuri. Vivyo hivyo mhakiki ajibu mapema, aeleze kwa nini, na autofautishe msimbo na mtu aliyeuandika.

Na hapa nawageukia walimu. Neno uhakiki si geni kwenu. Katika madarasa ya fasihi mmewafunza vijana kuichambua riwaya waliyokwisha kuisoma, wakadai ushahidi kwa kila hoja. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya uandishi wa msimbo kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, hatumfunzi mtoto kuandika insha kabla hajasoma hata ukurasa mmoja wa mwingine. Wapeni wanafunzi msimbo wa programu huria, hata kama ni mistari hamsini iliyochapishwa kwenye karatasi pale pasipo na umeme. Waulizeni: hapa mwandishi alidhani nini? Dhana hiyo itasimama katika simu ya mama yako? Darasa la aina hiyo halihitaji maabara ya mamilioni.

Enyi wanafunzi wa Kibera na Kawangware, msikubali kuwa wateja tu wa kazi za wengine. Wenzenu walishika vifaa vya kupimia mahali wakaiandika mitaa yao katika ramani ya dunia, wala hawakungoja kualikwa. Msimbo nao uko wazi vivyo hivyo. Usomeni, uulizeni maswali, ujaribuni katika simu zenu wenyewe, na mkiona kasoro isemeni kwa hoja na kwa heshima. Mgeni akaribishwe, mikono yote miwili. Lakini mizigo yake ifunguliwe mchana kweupe, na siku ya tatu jembe limngoje mlangoni.