Mwamba Ngoma na Ramani za Wisconsin

Wapo wanaodhani kwamba demokrasia ni foleni ndefu na masanduku ya kura, basi. Na wautazame uchaguzi wa jimbo la Wisconsin, huko Marekani, wapate kuelewa kwamba kura yaweza kupigwa kwa uhuru, ikahesabiwa kwa uaminifu, na bado isiwe na thamani.

Mwaka 2011 chama cha Republican, kikiwa kimeshika Bunge la jimbo pamoja na ugavana, kilichora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Kazi hiyo ilifanyiwa katika ofisi ya mawakili, na wabunge wa chama hicho walioitwa kuziona ramani walitakiwa kutia sahihi ahadi ya kutunza siri. Ni siri gani hiyo ya kumficha mwenye mali mali yake?

Jibu lilipatikana upesi. Mwaka 2012 chama hicho kilipata asilimia 48.6 ya kura za baraza la chini, kikatwaa viti 60 kati ya 99. Hila yenyewe ni nyepesi: wafuasi wa mshindani hurundikwa katika maeneo machache, na waliosalia hutawanywa ili wawe wachache kila mahali. Mwaka 2018 chama cha Democratic kilishinda ugavana, kwa sababu huko jimbo zima ni eneo moja lisilokatwa na kalamu ya mtu. Lakini katika baraza la chini Republican walitoka na viti 63. Wala hawakutosheka: Desemba ile ile, kabla Gavana mpya Tony Evers hajaapishwa, Bunge lilipitisha sheria za kumpunguzia madaraka.

Watetezi watasema kwamba Democratic nao hufanya vivyo hivyo kwingineko. Ni kweli, Maryland ni ushahidi. Lakini dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kutendwa na wawili. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ilisema kwamba mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kuamua mashauri ya namna hiyo.

Watasema pia kwamba Wisconsin imejirekebisha, kwani kwa ramani mpya za 2024 Republican walipata viti 54 na Democratic 45. Imejirekebisha kwa bei gani? Majaji wa jimbo hilo huchaguliwa kwa kura. Ilibidi kwanza wingi wa majaji ubadilike katika uchaguzi wa 2023, uliotumia zaidi ya dola milioni 40. Na ule wa 2025 ukatumia zaidi ya milioni 90. Haki inayongoja fedha za matajiri ni haki ya kukopeshwa, na mkopeshaji hakosi kudai.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maadamu wagombea viti ndio wanaochora mipaka, mpiga kura hachagui, huchaguliwa. Kalamu hiyo na iondolewe mikononi mwa vyama vyote viwili, ikabidhiwe kwa wasio na kiti cha kugombea.