Je, Cha Bure Hakithaminiwi?

Msomaji kijana, tangu Diani hadi Msambweni wako watu washibao wasemao kwamba maskini akipewa chandarua bure hatakitundika, ila atakifanya wavu wa kuvulia dagaa. Husema kwa yakini, walakini hawajahesabu hata nyumba kumi.

Wako waliohesabu. Mwaka 2007, magharibi mwa Kenya, wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliamua kwa kura ni vituo vipi vya afya viwape waja wazito vyandarua bure, na vipi viwauzie. Bei ilipokuwa shilingi 40 tu, katika kila wanawake 100 waliovichukua walipungua kwa kadiri ya 60. Nao waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Basi bei haikuwachuja wazembe; iliwafukuza wenye haja.

Tena chandarua cha jirani ni kinga yako pia, kwani mbu aliyemwuma mgonjwa ndiye akuleteaye homa.

Ukiambiwa kwamba Kwale si magharibi, jibu: basi na tuhesabu Kwale. Kumhukumu maskini bila kuhesabu si hekima, ni kiburi.