Mbu wa Mbotela Wapimwe Kabla Yetu

Mwaka jana mama yangu alishikwa na homa. Viungo vilimuuma hata akashindwa kumfungia ndugu yangu mdogo kamba za viatu. Kliniki aliyoenda haikumtoa hata tone la damu. Aliambiwa, "Ni malaria tu, mama," akapewa tembe, akalipa, akarudi nyumbani. Aliumwa wiki mbili. Mpaka leo hatujui ilikuwa nini, na hilo ndilo linalonikera.

Wengine mtasema homa ni homa. La hasha! Nairobi iko juu, ina baridi, na malaria haienei hapa kama kule Kisumu. Lakini yuko mbu aitwaye Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Hutaga katika mitungi, ndoo na magurudumu mazee. Sisi wa Mbotela bomba likikauka kila chombo kinajazwa maji, kiwe na kifuniko kisiwe nacho. Huyo ndiye hueneza dengi na chikungunya. Jina hili la pili ni la Kimakonde, ugonjwa ulipozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, kwa vile mgonjwa hujikunja kwa maumivu. Mombasa walipata dengi 2013, na chikungunya 2017 hadi 2018. Na mabasi ya Mombasa hufika Nairobi kila asubuhi, ama sivyo?

Mbu hupimika. Wataalamu huwatega kwa taa na barafu kavu, ambayo hutoa hewa kama ile tunayoitoa puani, mbu akadhani kuna mtu. Hugandishwa, hugawanywa kwa aina, halafu husagwa wengi pamoja. Maji yake hutiwa kwenye seli hai za tumbili na za mbu, ionekane kama kuna kirusi kitakachokua.

Mwaka 1999 viluwiluwi vya mbu vilichotwa karibu na mto Kamiti, si mbali na hapa. Ndani yake kilipatikana kirusi kinachokua katika seli za mbu peke yake. Kikaitwa kirusi cha mto Kamiti. Rafiki yangu alicheka: "Kisichodhuru watu ni cha nini?" Mimi naona ni cha maana sana. Kirusi hiki ni wa ukoo mmoja na dengi na homa ya manjano, na kiluwiluwi hajauma mtu wala mnyama. Yaelekea alirithi kwa mamaye! Kumbe mbu anaweza kuwa na siri hata kabla ya kuota mabawa.

Mwishoni mwa 1997, baada ya mvua za El Nino, watu na mbuzi walikufa Garissa kwa homa ya Bonde la Ufa ndipo mbio zikaanza. Kwa nini tungoje tena? Nataka mitego iwekwe Mbotela, Makongeni na Kaloleni kila mvua ikinyesha. Mwalimu wetu wa bayolojia anasema ni ghali. Ni kweli, lakini mbu wengi hupimwa kwa pamoja kama mmoja, na wagonjwa hatuwezi kuwasaga!

Mtego wa kwanza uwekwe mlangoni petu, kando ya mtungi. Mama amekubali.