Sonona Haimsubiri Bingwa

Imani iliyoenea miongoni mwa wasomi, watunga sera na hata baadhi ya matabibu ni kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaodumu kwa majuma na kumnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya kazi, ni suala la daktari bingwa peke yake, na kwamba asiye na shahada akiligusa atalivuruga. Imani hiyo hujivika joho la heshima kwa taaluma. Lakini katika nchi ambazo mabingwa wa magonjwa ya akili ni wa kuhesabika, na wengi wao wako mijini, maana yake halisi ni kuwa mgonjwa wa kijijini asitibiwe kabisa.

Zimbabwe ilikwisha kuijibu hoja hiyo kwa vitendo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare, katika mradi uliokuja kujulikana kama Benchi la Urafiki. Mgonjwa huulizwa maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona, likiwamo la iwapo amekuwa akiwaza kupita kiasi na la iwapo amefikiria kujiua. Majibu yakionyesha dalili za kutosha, huketi na bibi kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati. Hapo haambiwi apige moyo konde. Huyataja matatizo yake, huchagua moja, kisha kwa kuongozwa hutafuta mwenyewe hatua ndogo anayoweza kuitekeleza kabla ya kikao kinachofuata, utaratibu ambao wataalamu huuita tiba ya utatuzi wa matatizo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani uliwahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliopitia benchi walikuwa bado na dalili za sonona, ilhali katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 50; wenye mawazo ya kujiua walikuwa asilimia 2 dhidi ya 12. Linalopaswa kuwasumbua watetezi wa ubingwa ni kwamba kundi hilo la pili halikutelekezwa, bali lilipata huduma ya wauguzi iliyoboreshwa, pamoja na dawa kwa aliyezihitaji. Ni kweli kwamba mawazo ya kujiua si vifo, lakini anayengoja takwimu za vifo ndipo aanze kazi amechagua kungoja mazishi. Tena Harare haiko peke yake: katika utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, wenyeji waliofunzwa kwa wiki 2 tu waliongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16 katika nusu ya vijiji hivyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha sonona ikipungua kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji visivyokuwa na vikundi.

Wapo wanaolikimbia kosa hilo la kumwachia bingwa kila kitu na kutumbukia katika jingine, wakidhani kwamba jamii huponya kwa kuwa tu ni jamii. Jamii hiyohiyo ndiyo humwita mgonjwa mvivu, mwenye imani haba au aliyerogwa, na ndiyo hulificha jaribio la kujiua kama aibu ya ukoo. Kilichowafanikisha bibi wa Mbare si mvi zao bali mafunzo, usimamizi wa karibu na utaratibu wa rufaa unaompeleka kwa wataalamu yule ambaye hatari yake imewazidi kimo. Bingwa hakufukuzwa, amekuwa mwalimu na msimamizi wa wengi badala ya mtabibu wa wachache.

Mfano huo umekwisha kufika Zanzibar, na Tanzania Bara ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnamo Januari 2024. Mhudumu anayeingia nyumbani kwa watu na kuuliza habari za chandarua, chanjo na kikohozi cha wiki mbili hashindwi kuuliza kuhusu usingizi na kukata tamaa. Wizara na halmashauri zimfundishe kuuliza hivyo, zimpe msimamizi wa kumpigia simu, na zimlipe.