Mawazo ya Kazimoto

Wako watu, na baadhi yao ni walimu wenzetu, wasemao kwamba kitabu cha Kichwamaji hakifai kupewa vijana, kwani mtu wake mkuu, Kazimoto, huwaza maovu. Tena wako wakikubalio, lakini huandika ubaoni, "Maudhui: kisasi, elimu, mauti," kisha hufunga somo. Sisi twaona hao wote wamepotea njia ile ile: hawataki kuingia moyoni mwa mtu huyo.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa kitabu hiki mwaka 1974, akamwachia Kazimoto ajisimulie mwenyewe. Hilo si jambo dogo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama asimama barazani na kusema, na wote wasikia. Atakaye maana na asikilize hotuba zake. Kazimoto hana baraza. Ayasemayo mbele ya wazee ni mengine, ayawazayo ni mengine.

Tutazame habari ya kisasi. Manase amemtia mimba Rukia, umbu lake Kazimoto. Kazimoto aona uchungu, na ndugu gani asingeuona? Lakini moyoni apanga kumtenda Sabina, umbu lake Manase, vivyo hivyo alivyotendwa Rukia. Wazee wamwona msomi wa chuo kikuu amerudi nyumbani. Sisi wasomaji tumefunguliwa mlango wa ndani, nasi twaona kwamba mshtaki na mshtakiwa wana moyo mmoja. Hapo ndipo swali la elimu lilipo: imempa mtu huyu nini, ikiwa akili yake yote yafanya kazi hiyo? Ukimnyamazisha Kazimoto moyoni, swali lenyewe latoweka, yabaki magomvi ya nyumba mbili.

Wala si kweli kwamba kila awazalo Kazimoto ndilo Kezilahabi afundishalo. Mtu ajisimuliaye hujitetea (nani asiyejua?), basi yatupasa kuliweka wazo kando ya tendo. Huyu ajionaye mwerevu kuliko wenzake aishia kujiua kwa mkono wake.

Nanyi mwogopao kijana asiambukizwe, mwadhani yeye hana mawazo yake ya usiku? Afadhali ayakute kitabuni, mwalimu akiwa karibu. Na mwenzetu wa ubaoni aifute orodha yake, awaulize wanafunzi: Kazimoto alipozungumza na Sabina kwa maneno matamu, ni neno gani alilolificha?